Blanketi la Chumba cha Mtoto

Sheria ya jiji haikuwa na mchezo: mnyama akizalia ndani kwako, chumba hicho ni chake mpaka wanawe wakue, na mlango haufungwi. Chui alizalia chumba cha mtoto wa Kerubo. Majirani wakaja na nyama ya mzazi, wakapiga vigelegele, wakaondoka upesi.

Jioni, sebuleni, mtoto alianza kulia. Momanyi, mumewe Kerubo, alimpakata akashtuka.

"Blanketi hili linanuka chui. Umelitoa wapi?"

"Si la mtoto? Nililichukua chumbani, mwenyewe alipotoka kuwinda."

"Kerubo! Wanawe walikuwa wamelilalia?"

Mtoto akazidi kulia. Mlango wa chumba, uliokuwa umeegeshwa tu, ukafunguka taratibu, na chui akatoka bila hasira yoyote, kama mama yeyote anayemfuata mwanawe.