Kadi ya Bluu ya Nyamizi

Kila mwanafunzi aliyeingia chuo alipaswa kuchagua kadi yake ya kwanza ya mkopo kabla ya kupewa chumba. Nyamizi alipewa mbili achague. Ya kijani ilianza na alama sifuri za uaminifu wa mkopaji, na ingemchukua miaka mitano kuaminika. Ya bluu ilijenga alama haraka, ila ilizipunguza kila mwenye kadi alipozungumza kwa simu na mtu aliyeshindwa kulipa deni.

Mama yake, fundi cherehani wa Tabora, alikuwa mmoja wa watu hao tangu alipokopa kumtibu mumewe.

"Chukua ya bluu, mwanangu," mama alimwambia. "Mimi nitakuwa nakubipu kila Jumapili. Ikiita mara moja, ujue mimi ni mzima. Usipokee."

Muhula mzima simu iliita mara moja kila Jumapili, ikakatika. Alama za Nyamizi zilipanda, akahamishiwa chumba kizuri chenye dirisha kubwa. Hata hivyo, kila Jumapili alizungukazunguka humo tangu asubuhi, simu mkononi, chai ikipoa mezani.

Jumapili moja simu iliita mara ya pili, ya tatu, ya nne. Akapokea.

"Mama! Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimechelewa tu kukata." Sauti ya mama ilikuwa imezeeka. "Haya, kata."

"Kata wewe, mama."

Hakuna aliyekata. Kwenye kioo cha simu alama zilishuka moja moja, na ndipo Nyamizi alipokumbuka kwamba hajamwamkia mama yake tangu aondoke nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama aliitikia, kisha akamuuliza kama amekula.