Kura ya Mzee Chande

Katika kikundi cha akiba cha Tujijenge, kufa hakumwondolei mtu uanachama. Sauti ya marehemu hutunzwa ndani ya kisanduku, na kikaoni huulizwa kura yake kama walio hai.

Siku ya kugawa nyumba zilizojengwa na kikundi, Bi Mwanaidi alikwenda kumsikiliza marehemu mumewe.

"Mzee Chande," katibu aliuliza, "nyumba yako yenye fremu ya duka tumpe mwenyekiti, mkeo achukue chumba cha uani?"

"Mpeni, anastahili," kisanduku kikajibu.

Sauti ilikuwa yake, hata kile kikohozi. Lakini Chande alipokuwa hai alibishana hata na muuza maji.

"Huyo si mume wangu!"

"Shemeji, kaburi humfunza mtu adabu," mwenyekiti akasema. Watu wakacheka. Marehemu wengine nao wakakubali, wote, bila swali.

Mwenyekiti akashika ufunguo wa chumba cha uani. "Kwanza turekodi sauti yako kisandukuni, ya kukupigia kura ukifa. Sema tu, nakubali."

Vyombo vya Bi Mwanaidi vilikuwa vimeshatupwa nje na mwenye nyumba aliyokuwa amepanga.

"Nakubali," akasema kwa hasira.

Kisanduku kikalirudia neno lake, kwa upole.