Sauti ya Mapokezi

Simu iliita mara mbili tu, ikapokelewa na sauti yangu mwenyewe.

"Karibu sana. Nikusaidie nini, mpendwa?" Hata kicheko changu kidogo cha mwisho kilikuwepo.

Niliibana simu hadi sikio likauma. Nilikuwa nampigia wifi yangu, meneja wa rasilimali watu, kwa namba ya mapokezi ya kampuni, nimuulize kwa nini barua ya kunipunguza kazini ina saini yake. Miaka kumi na moja nimepokea simu za kampuni ile.

Mwezi uliopita alinikalisha stoo siku nne, mablanketi yametundikwa ukutani kuzuia kelele, akanirekodi.

"Ni ya kuwafundishia wapya, wifi. Biashara imebadilika. Cheka kama siku zote. Na yale maneno yako ya kumtuliza mteja aliyekasirika, usiyasahau."

Kila mchana aliniletea chai yenye asali, koo lisikauke. Nami nikamsifia kwa kaka!

"Nipe wifi yangu!" nilifoka.

Mashine ikavuta pumzi taratibu, vilevile ninavyovuta mimi.

"Pole, mpendwa. Najua umeumia," sauti yangu ikaniambia. "Usikate simu. Niko hapa."