Bibi wa Shuleni

Siku hizi mtoto hafundishwi kitu ambacho hakimo ndani ya miwani ya shule, ile inayomwonyesha dunia ya kompyuta, na kazi ya Atuganile ilikuwa kuvivika ngozi za picha vitu vya humo: magome ya miti, udongo, majani ya chai. Mwezi uliopita alitakiwa kutengeneza bibi wa somo la familia. Akaipiga picha mikono ya mama yake mzazi, kunyanzi kwa kunyanzi.

Mkaguzi alizikataa. "Hilo kovu la moto litawatisha watoto. Lifute."

Akalifuta, kazi ya dakika mbili, na tangu hapo hakutulia. Mara asimame, mara akae, mara azifungue zile picha na kuzifunga tena.

Jumamosi asubuhi alisikia maji yakimwagika uani. Binti yake Tusekile, wa miaka sita, alikuwa ameushika mkono wa bibi yake juu ya beseni, akiusugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia. Kovu lilikuwa limegeuka jekundu.

"Tuse! Unafanya nini?"

"Namsafisha, mama. Bibi wa shuleni hana uchafu huu."

Atuganile alimnyang'anya dodoki. Bibi hakuuondoa mkono; aliuacha palepale, ukichuruzika povu.

"Usimgombeze. Ndivyo alivyofundishwa." Kisha akamgeukia Atuganile. "Ila niambie, mwanangu. Huko shuleni kwenu, wewe ulitolewa motoni na nani?"