Anatafutwa Shahidi

Habari ilikuwa na kila kitu isipokuwa shahidi.

Ibtihal aliisoma tena kwenye kompyuta huku akiuma kucha. Kombora limeangukia soko la mtaani kwao, mjini Taiz, asubuhi, watu wakinunua mboga. Picha alishatumiwa. Hospitali imethibitisha. Na yeye, mwandishi pekee wa mtaa ule aliyewahi kupelekwa mafunzoni, alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa hoteli mjini Amman, mbele ya sahani ya biskuti, akifundishwa namna ya kuwaandikia watu wa nje.

Kilichomkata maini zaidi ni kwamba kaka yake, Munif, alikuwa na meza ya viungo katika soko hilohilo. Simu yake haikupatikana. Ya mama yao iliita mpaka ikakata yenyewe. Hakukuwa na ndege ya kupanda wala njia ya kwenda. Alichoweza ni kupiga tena, na tena, na kuchukia kila kitu ndani ya ukumbi ule, hata biskuti.

"Kuna shirika la habari huko Ulaya wanaitaka sasa hivi," alisema mkufunzi wao, Ustadh Nayef, akiwa amesimama nyuma ya kiti chake. "Lakini wanataka shahidi. Jina kamili na kazi yake. Bila hivyo, binti, hiyo ni stori ya kijiweni. Kesho hakuna atakayekumbuka kama mna soko."

Ustadh Nayef alikuwa amezeekea kwenye vyumba vya habari vya nje. Hakuwa mtu mbaya, ila kalamu yake nyekundu haikuwa na huruma. Mwanzoni mwa mafunzo Ibtihal aliandika kuhusu daraja lililolipuliwa kwao, akatia humo, kama wasemavyo kwao kila baada ya mlipuko: "Mashahidi walikuwa wengi." Ustadh akaisoma mbele ya darasa zima, kisha akauliza, "Haya, mashahidi hao walisema nini?"

Ukumbi ulicheka. Miftah, meneja wa redio kutoka Libya, alipiga meza. "Dada yetu ana mashahidi tele, ila wote mabubu!"

"Msomaji wa Oslo hana muda wa kukisia," Ustadh alisema. "Shahidi ni mtu aliyeona na anaweza kusema. Basi."

Sentensi hiyo Ibtihal alilala nayo, akaamka nayo. Aibu ni mwalimu mkali kuliko ustadh yeyote.

Sasa, baada ya kupiga kila namba aliyokuwa nayo, simu ilipokelewa. Alikuwa Ami Nuuman, mdogo wake marehemu baba yake. Nyuma yake watu walikuwa wakipiga kelele na magari yakipiga honi.

"Ami! Munif yuko wapi?"

"Munif..." Sauti ikakatika, ikarudi. "...shahidi, mwanangu. Munif ni shahidi."

Ibtihal alisimama. "Alikuwepo pale pale?"

"Pale pale. Mezani kwake."

"Alhamdulillahi!" alipaza sauti, watu wote wakageuka. "Alhamdulillahi, ami yangu!"

"Mungu akuzidishie imani," ami alisema, sauti ikitetemeka. "Mama yako hawezi hata kusimama."

"Masikini mama. Na wewe umemwona Munif mwenyewe?"

"Nimemwona. Wallahi anatabasamu."

Simu ikakata. Anatabasamu! Huyo ndiye Munif, hata mwenye nyumba akija kumfokea yeye hutabasamu tu. Ibtihal alicheka na kulia kwa pamoja, mpaka kamasi zikamtoka, wala hakujali. Miftah alimletea chai na karatasi za kujifutia.

"Nilikwambia mimi," alisema. "Wauza pilipili hawafi, dada. Wanakaushwa tu."

"Mshenzi wewe," Ibtihal alimjibu, na lilikuwa neno la upendo.

Aliandika haraka. "Shahidi Munif al-Sabri, muuza viungo, alikuwa kwenye meza yake kombora lilipoanguka." Ustadh Nayef alichapisha ukurasa ule, akausoma kwa kalamu mkononi, na kwa mara ya kwanza kalamu haikugusa karatasi.

"Hii sasa ni habari," alisema. "Umeiva."

Hakuna aliyewahi kuambiwa hivyo darasani mle. Ibtihal aliona kama amewabeba watu wa soko lile mgongoni na kuwafikisha mahali ambapo hatimaye wataonekana. Jibu la Ulaya halikuchelewa: habari ni nzuri, wanaichapisha mara moja, ila waongezewe kauli ya shahidi kwa kinywa chake mwenyewe, hata ikiwa fupi.

Darasa zima lilikusanyika. Miftah aliwanyamazisha waliokuwa wakinong'ona. Ustadh aliifungua spika ya simu, akaweka kinasa sauti kando yake, akamwashiria apige.

Safari hii laini ilikuwa safi kabisa.

"Ami, mpe Munif simu. Sentensi moja tu, huko Ulaya wanaingoja."

Spika ilitoa sauti za wanaume wakisoma Yasini, na koleo likikwangua changarawe.

"Mwanangu," Ami Nuuman alisema mwishowe, taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "huyo shahidi wetu mbona ndiyo kwanza tunamfukia?"