Mfalme Mdomoni

Dhahabu haishiki kutu, ndiyo maana sarafu ilitoka kwenye udongo wa Norfolk, Uingereza, iking'aa kana kwamba imefuliwa asubuhi ileile. Ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na juu yake mfalme wa kale amesimama melini, upanga mkononi.

Clive alikuwa bado amepiga magoti, kifaa chake cha kutafutia vyuma ardhini kikiwa kando, alipomwona bibi mwenye shamba akija na kikombe cha chai. Walishapeana mikono zamani: kila kitakachotoka ardhini ni nusu kwa nusu.

Mkono wa Clive ukaitia sarafu mdomoni kabla hajaamua lolote.

"Haya, shamba limekupa nini leo?" bibi akauliza. "Au vifungo tena?"

Clive akampa kifungo cha shaba alichokiokota mapema.

"Kizuri hiki! Nitakiweka dirishani na wenzake. Mbona kimya, umekuwa bubu?"

Akatabasamu, midomo imefumbwa. Uso ulimwiva kama nyanya.

"Basi kunywa, baridi hii itakuua. Nimetia sukari vijiko viwili, kama unavyopenda."

Alipokipokea kikombe, sarafu iliteleza ikagonga jino. Mlio ulikuwa mdogo, lakini shamba zima lilikuwa kimya.

Bibi hakumtazama mdomoni. Alikitazama kile kifungo kiganjani mwake, akakigeuza taratibu, kisha akafumba vidole.

"Kunywa, Clive," akasema. "Nangoja kikombe changu."