Kilio Kwenye Fulana

"Ile njo kilio yangu, Éliane! Umeenda kuiandika ku fulana walevi wajipanguse nayo povu!"

"Mama, shusha sauti. Wateja wanapita."

Mama yake hakushusha. Alikuwa ameshika fulana moja pale mezani, karibu na bandari ya Kalemie, anakwangua maandishi kwa ukucha: ZIWA, NIRUDISHIE HATA KIATU. Rangi ilikuwa nzuri, haikubanduka. Ukucha ndio uliokatika.

Maneno hayo mama aliyalia mwenyewe ufukweni, siku boti ya kutoka Moba ilipozama na mwanawe wa mwisho. Éliane aliyatia katika kitabu chake, na kitabu kikakosa wanunuzi. Alipoyachapa kwenye fulana, vijana walizigombania, wakageuza kilio kuwa utani wa walioachwa na wapenzi.

"Kitabu nilikubali," mama akasema. "Kitabu muntu anasoma amenyamaza. Hii wanacheza nayo muziki."

"Na muchele unaokula, Mama, unatoka ku kitabu?"

Msichana mmoja akasimama, akapima fulana nyingine kifuani. "Ni kweli kuna mama alisema hivi, ao mulitunga?"

Mama akatia kidole chenye damu mdomoni. Akamtazama binti yake, akatikisa kichwa polepole kumkataza.

"Ni kweli," Éliane akasema. "Njo huyu. Ukichukua mbili, unapiga naye picha."

Akamnyang'anya mama yake ile fulana, akamvika kichwani, akamwingiza mikono mmoja mmoja kama mtoto.